Sauti ya Mama Redioni

Harufu ya klorini ikinipanda puani, namkumbuka mama. Pale mtaani kwetu Panda ilivuma kwamba maji ya bomba yametiwa sumu. Watu wakarudi kuchota mtoni, na watoto wakaanza kuugua kipindupindu. Mwandishi wa redio ya mjini akawaomba akina mama wa kwaya, mama yangu akiwemo, waandamane naye hadi kwenye mitambo ya maji, wajionee.

Jioni tulimsikia mama redioni: “Ile haiko sumu, ni dawa ya kusafisha maji. Minye niliona na macho yangu.”

Aliporudi alikunywa kikombe kizima cha maji ya bomba letu, akanijazia changu. Nikafumba macho, nikanywa.

Asubuhi jirani aliyekuwa akimcheka kwa kwenda huko alikuja na ndoo.

“Maman, ni weye ulisema mu radio?”

“Njo minye,” mama akakubali.

“Basi tupatie na siye maji.”