Nilimfunika Mama kwa Rangi Nisizozijua

Kosa ni langu, jamani, na sina wa kumsingizia. Sijamwambia mtu kisa chote, hata mke wangu hajui yote, ila leo nimeshindwa kulibeba.

Mimi nachora mabango hapa Tabora mjini. Saluni, bucha, duka la pembejeo, ukiona herufi zimenyooka ujue ni mkono wangu. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Picha yake ilikuwa moja tu, na mchwa waliila sandukuni kule kwetu Ntalikwa nikiwa bado mdogo. Kwa hiyo sura ya mama mimi siijui. Baba ndiye aliyebaki nayo kichwani.

Kisha macho ya baba yakaanza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho, na kinachopotea hakirudi. Baba hakuyalilia macho yake. Aliniomba kitu kimoja tu, nimchoree mke wake wakati bado anaona, ili na mimi nimjue.

Tulikaa barazani jioni nyingi, mimi na karatasi ya manila na penseli, yeye amesogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Paji la uso lishushe kidogo. Shavu hilo limejaa mno. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Nafuta, nachora. Siku moja aliishika karatasi kwa mikono miwili, halafu akasema, "Ndiye huyu. Usiguse tena."

Usiguse tena! Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Lakini mimi na kiburi changu! Niliona vibaya mama yangu abaki wa penseli kama kazi ya mtoto wa shule. Nikampigia simu muuza vifaa vya wachoraji Dar es Salaam, anitumie kwa basi zile rangi za mafuta za kwenye tyubu wanazotumia wachoraji wakubwa. Akaniuliza kama nimewahi kuzitumia. Nikasema hapana. Akanishauri kwa upole nianze na za maji, za wanaojifunza, na hata hizo nizijaribie kwanza kwenye karatasi nyingine. Nikakasirika. Nimepaka mabango nusu ya mji huu, leo mtu aniambie habari za wanaojifunza? Nikamwambia atume nilichoagiza.

Ole wangu! Zilipofika nilizifanya kama rangi za mabango. Nikazizimua kwa mafuta ya taa, nikapaka moja kwa moja juu ya penseli. Sikujua kwamba rangi zile hukauka taratibu mno, wala kwamba manila tupu huyanywa mafuta. Karatasi ikalowa, ikatoka madoa ya njano. Kahawia ya shavuni ikateremka mpaka mdomoni. Nikirekebisha huku, naharibu kule, na mistari yote aliyonielekeza baba ikapotea chini ya uchafu ule. Nilikaa sakafuni nikalia.

Nilijaribu kuichora upya kwa kumbukumbu, tena na tena. Alitoka mwanamke tu, mwanamke yeyote. Na wakati nahangaika hivyo, nikimkwepa baba kwa visingizio vya kazi, macho yake yakazima kabisa.

Basi nikampelekea yule mwanamke, nimemtia kwenye fremu ya kioo. Baba akapapasa kioo, akatabasamu, akanishukuru.

Baadaye mama mkubwa, dada yake mama, alikuja kutusalimia kutoka Choma. Baba akamwonyesha picha kwa furaha. "Ndiye, siyo?" Mama mkubwa akaitazama, akanitazama mimi, akajibu, "Ndiye, shemeji."

Tulipotoka nje alinishika mkono akaniuliza yule nimemchora nani. Nikamwomba anisaidie. Tulijaribu, lakini kila nilichochora alisema siyo, na sura yenyewe ilivyokuwa akashindwa kunieleza. Miaka imepita mingi mno, mwanangu, alisema, naye akaanza kulia.

Juzi baba ameniomba, akifa, nimzike na picha ile kifuani. Nimemjibu sawa, baba.

Nyinyi mnaoshika brashi, nawasihi! Nunueni vifaa vinavyolingana na mkono wenu wa leo, na msivijaribie kwenye kitu mnachokipenda. Mimi niliona aibu kuitwa mwanafunzi, na sasa baba yangu atazikwa na mwanamke asiyemjua.