Maji ya Asubuhi Kwenye Betri

Niliporudi kutoka chuoni Kampala na digrii yangu ya sayansi, kazi niliyoipata Nairobi ilikuwa kupima betri. Kampuni ilikuwa na magari ya kupeleka bidhaa majumbani. Yalilala katika yadi moja Ngara na kushinda barabarani kati ya mjini, Hurlingham na Karen. Nilikabidhiwa bomba la kioo lenye mpira wa kunyonyea juu na kielea ndani yake. Unanyonya asidi kidogo kutoka kila chumba cha betri, kielea kikipanda, betri ina nguvu, kikizama, imechoka. Basi, ni hayo tu. Mimi nilikosa usingizi nikiwaza kwamba labda kielea chenyewe kina kasoro.

Kielea hakikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa adabu ya madereva. Kwao kukaguliwa ni kukaguliwa: gari lioshwe, rejeta ijae maji ya kupoza injini, na betri nayo ijae. Kila asubuhi, kabla sijafika, walizunguka na chupa ya maji ya betri wakijaza kila tundu hadi mdomoni. Maji mapya hukaa juu ya asidi mpaka gari litembee. Kwa hiyo bomba langu lilinyonya maji matupu, kielea kikazama, na kila betri ikaonekana maiti. Niliposema kwamba zimekufa, fundi mkuu, Singasinga mwenye sauti nzito, aliwasha magari moja baada ya jingine.

"Hii umesema kufa?" aliniuliza huku injini ikinguruma. "Sikia maiti yako naimba!"

Niliwaomba madereva. Niliwaeleza kwa kemia, kisha kwa chai isiyokorogwa: sukari iko chini, ukionja juu utamlaumu mpishi bure. Walinisikiliza kwa heshima, wakasema, "Ndiyo, mwalimu." Kesho yake betri zilikuwa zimejaa hadi zinamwagika.

"Si nilisema msitie maji kabla sijapima!"

"Na si leo unapima?" akajibu mmoja, akinihurumia. "Mgeni akija, mwalimu, wewe utamwonyesha mtungi mtupu?"

Ningevumilia kuchekwa, kama si dereva wa Karen. Alikuwa mzee wa upande wa Kakamega, mwimbishaji kanisani, mtu wa kunyoa ndevu hata siku ya mapumziko. Gari lake lilikuwa limegoma kuwaka mara kadhaa katika nyua za Wazungu. Bega lake bovu halikuiweza hendeli ya kuzungushia injini, na watunza bustani waliacha maua yao kuja kulisukuma. Wenye nyumba wakalalamika. Meneja akaamua kwamba mzee anasahau kuzima taa. Mimi nikasema huenda betri yake ni mbovu.

"Kwa vipimo vyako betri zote ni mbovu," meneja akaniambia. "Niletee kipimo kimoja ninachoweza kukiamini kabla ya Jumamosi. La sivyo, mzee anakwenda."

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Chumba alicholala mzee na mkewe kilikuwa cha kampuni, na mtu asiye na kazi hakukaa Nairobi kwa amani. Niliwaza nikawazua. Je, nikipima nikaona betri ni nzima? Nitakuwa nimemfukuza kwa mkono wangu. Nisipopima? Atafukuzwa vilevile. Mwishowe nikaona njia iliyokuwa mbele ya macho yangu muda wote: kupima jioni. Kufikia jioni maji ya asubuhi huwa yamekwisha kuchanganyika na asidi kwa mwendo wa kutwa.

Ijumaa nikamngoja langoni. Madereva wengine walinipita wakikimbilia makwao kabla ya kafyu. "Leo Bwana Digrii amekuwa askari!" wakacheka. Mzee alipoliona bomba mkononi mwangu alishuka haraka akasimama mbele ya boneti.

"Saa hii hapana."

"Kwa nini hapana, mzee?"

"Gari iko na matope. Betri haijapata maji. Kesho asubuhi nitakutengenezea, utapima vizuri."

"Sitaki vizuri! Nataka ilivyo!"

"Ilivyo ndiyo watanifukuzia."

"Usiponiacha nipime ndipo watakufukuza!" Nilipaza sauti hadi fundi akatoa kichwa chini ya lori.

Mzee alinitazama kama mtu anayemtazama mwana mlevi. "Kijana, mimi nimepimwa sana. Vidole nimepimwa, kifua nimepimwa, karatasi zimetazamwa kila kona. Sijaona mtu ananipima ili nibaki."

"Basi umeona leo," nikasema, tena kwa hasira, si kwa upole. "Hebu sogea, kafyu inakaribia na mimi nakaa mbali!"

Akasogea. Nikanyonya chumba cha kwanza: kielea kikapanda. Kikapanda katika vyote vilivyofuata, moyo wangu ukishuka kila kilipopanda, mpaka nikafika cha mwisho. Hapo kikazama kama jiwe. Nikarudia. Nikafuta bomba, nikarudia tena, nikaanza tena kushuku kielea chenyewe, ndipo fundi aliponipokonya akapima mwenyewe.

"Chumba moja kufa," akasema. "Taa hapana. Betri tu."

Meneja aliitwa, akaonyeshwa, akasema ibadilishwe, akaondoka kwenda nyumbani. Mzee hakuombwa radhi.

Jumamosi gari lilikwenda Karen na betri nyingine. Mimi nilishinda langoni nikiwaza. Je, nyaya zikiwa mbovu pia? Je, kama kweli anasahau taa? Kwa nini nilimwambia mtu mzima maneno makubwa kama yale? Alasiri gari likaingia. Mzee alilisimamisha katikati ya yadi, akazima injini, akanitazama kupitia kioo. Akawasha. Ikawaka. Akazima. Akawasha tena, meno yote nje, akazima tena.

"Mzee, acha basi! Utaimaliza!"

"Mara moja tu, mwanangu," akasema, akawasha tena.