Bendera ya Ofisi

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Watu wote walimwita Mzee Bendera. Kazi yake ilikuwa moja, na aliifanya miaka ishirini na sita. Kwenye kituo kile kidogo, kibanda cha mabati na benchi moja, treni haikusimama mpaka ainue bendera nyekundu. Hakuna abiria, hakuna bendera, dereva anapita zake.

Mtu wa sheria huyo, jamani! Ukichelewa hatua kumi, imekula kwako. Mkewe alizoea kumtania: "Baba Watoto, iko siku hata mimi utanidai tiketi."

Shida ni kwamba bendera ilichujuka. Jua liliila rangi mpaka ikabaki kama kitambaa cha kufutia vyombo. Aliandika barua tatu ofisini kuomba nyingine. Kimya. Baadaye ikasemekana kituo chenyewe kitafungwa, sasa bendera mpya ya nini?

Asubuhi moja mkewe aliamka tumbo limekaza kama ngoma, hawezi hata kusimama. Hospitali ilikuwa vituo vinne mbele, na treni ni moja tu kwa siku. Mzee akambeba hadi kwenye benchi. Mara honi ikalia kule kwenye kona.

"Chukua shuka langu," mama wa watu akasema, akivuta shuka jekundu alilojifunika. "Hiyo yako haionekani."

"Hili si la ofisi."

"Mume wangu, nakufa."

"Dereva ananijua, Mama Watoto. Atasimama."

Akainua bendera ya ofisi. Kumbe siku hiyo dereva alikuwa mgeni. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliona mzee anapunga kitambaa cheupe, akadhani anasalimiwa. Akapiga honi, akapunga mkono, akapita. Mama alifariki kabla ya saa sita, palepale kwenye benchi. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Mzee Bendera yalifika siku hiyohiyo.

Kituo kilifungwa mwaka uliofuata. Mabati yakaibwa, benchi nalo likaenda. Kisha mafundi wakaja na lori kung'oa reli, wakamkuta mzee amesimama wima katikati ya njia, ameinua shuka jekundu. Lori likafunga breki, vumbi likatimka.

"Vipi, mzee, unataka lifti?"

"Hapana, mwanangu. Hili shuka umeliona kutokea wapi?"

Dereva akageuka, akaonyesha kwa kidole. "Kule kwenye kona."

Mzee akaketi chini, akalia kwa sauti.