Kisima cha Kaveke na Josho Lililosahaulika

Kule Nuu, ukimtaka Kaveke usimtafute nyumbani. Mtafute palipo na jembe. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na tangu aolewe na Muthama hajawahi kuiona kazi ya watu wengi akaipita.

Kisima cha sokoni kilikuwa kimezidiwa. Watu wa mlimani, kina Kaveke, walishuka na punda kuchota, wakapanda tena jua limeshawaka. Mkaza mwanawe, Nduku, alikuwa mjamzito, na kila alipoinama kufunga mitungi, moyo wa Kaveke uliinama pamoja naye. Basi kaunti ilipokubali kuwachimbia kisima cha pili hapo juu, Kaveke hakungoja. Aliita mwethya, yaani majirani wa kusaidiana kazi. Asubuhi hiyo hiyo majembe yalikuwa yanalia, chungu cha muthokoi, mahindi na maharagwe, kinachemka, na msingi wa tangi umefika magotini.

Ndipo Wamaitha, afisa wa mazingira, akashuka kwenye bodaboda.

"Mama, kibali kiko wapi?"

"Kibali? Si hawa watu ndio kibali! Chukua sahani kwanza."

Wamaitha alikula, akasifu chakula, kisha akasimamisha kazi. Maji ya umma hayachimbwi hivi hivi, alisema. Lazima mahali pakaguliwe, na wanaoishi hapo waulizwe.

Kaveke akarudi nyumbani na hasira, hata sufuria akaisahau. "Nduku atajifungua njiani," alimwambia Muthama, "sisi tukingoja muhuri."

Siku ya baraza Wamaitha aliuliza, "Hapa palikuwa na nini zamani?" Watu walitaka yaishe. Halafu Nthenya, mama yake Mulei, jirani wa Kaveke aliyezaliwa hapo hapo mlimani, akainua mkono.

"Palikuwa na josho. Ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe. Lilifukiwa nikiwa msichana mdogo."

"Mama Mulei, leo umeamka na mdomo!" Kaveke alimfokea. "Wewe una punda wawili, ndio maana huna haraka."

"Punda wangu hawanywi dawa ya kupe, Kaveke. Wala mjukuu wako hatainywa."

Baraza likacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Udongo ulipopimwa, dawa ilikuwa bado imo. Kisima kikahamishiwa upande wa juu wa kanisa, mbali na josho, na kibali kikatoka. Nduku alijifungua mtoto wa kike kabla maji hayajafika. Wiki zile zote, punda wa Nthenya ndio waliomletea maji.

Kaveke alimbebea Wamaitha kuku wa shukrani hadi ofisini. "Mama, huyu nikimpokea, itabidi nimwandikie ripoti," Wamaitha akasema, akicheka mpaka akafuta macho. Kuku akarudi Nuu.

Bomba lilipofunguliwa, mwenyekiti alijaza mtungi wa kwanza. Watu walijua anampelekea mjukuu. Lakini akaupita mlango wa Nduku, akaupita na wa kwake, akautua kwa Nthenya.

"Mama Mulei," alisema, bado anahema, "ule mdomo wako, Mungu akuzidishie."

"Na kuku wa serikali je?"

"Yuko kwenye sufuria. Njoo, Nduku anataka umshike mtoto."