Siku Vitabu Vinapopumzika

Shefali hakuwa na ukoo wa kujivunia. Aliachwa stesheni ya treni ya Kantapukur, huko Bengali, akiwa bado na meno ya utotoni, na aliyemwacha alimnunulia kwanza karanga, jambo ambalo Shefali humsifia mpaka leo: angalau hakumwacha na njaa. Akakulia hapo hapo, akifagia mabehewa na kuokota chupa, akajifunza kusoma kwa kubishana na mabango ya treni. Baadaye akaolewa na fundi viatu wa sokoni, mtu mpole kama maji mtungini, akapata chumba chenye mlango na kufuli. Mwingine angeshukuru na kuisahau stesheni. Yeye kila asubuhi alirudi, akatandika turubai chini ya ngazi za daraja la abiria, mwisho wa jukwaa la tatu, akafundisha watoto wasio na kwao. Shoga zake walisema treni imemgonga kichwani.

Shule yenyewe ilikuwa kichekesho kwa asiyeijua. Ratiba ilipangwa na treni. Ikiingia ile ya Lalgola, wanafunzi wote hutoweka, huyu na ufagio, yule na gunia. Ikiondoka, hurudi wakihema, na somo likaendelea pale lilipokatikia. Hesabu ilikuwa ya mabehewa na chenji ya chai. Mtoto akija macho mekundu kwa kunusa gundi hakufukuzwa. Aliambiwa alale, akiamka atasoma. Waliwahi kuja wageni kutoka Kolkata wakaiita elimu mbadala, na Shefali akawajibu kwamba mbadala wake anaujua, ni kutosoma kabisa.

Basi majira ya baridi yakaleta mkuu mpya wa stesheni. Bwana Narasayya alitoka kusini, mbali huko kwa Watelugu, mtu wa suti nyeusi na sharubu zilizonyooshwa kama reli. Alipenda usafi na utaratibu, na pembe ile ya chini ya ngazi akaiona inafaa stoo ya vifurushi. Hakuwa katili, tusimsingizie. Alimwita Shefali akamwambia wazi kwamba atapita siku moja bila taarifa. Akikuta watoto wanasoma kweli, watabaki. Akikuta ni kijiwe cha wahuni kilichovishwa jina la shule, atawaondoa.

Shefali hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mahali pengine hapakuwapo. Ukiwapeleka watoto hao mtaa wa pili tu, hawaji, maana chakula chao kinashuka kwenye treni, na tumbo halisubiri irabu. Akawakazania, kila siku vitabu mikononi, masikio yakisikiliza viatu vya mkuu. Mkuu hakuja.

Alikuja siku ya Sarasvati.

Ewe msomaji, siku zote zile, na yeye akachagua hiyo. Ofisi zilifungwa, akaona ana nafasi. Kwao kusini vitabu hufungiwa katika sikukuu nyingine kabisa, baada ya mvua, hivyo hakuwaza lolote. Lakini kwa Wabengali hii ndiyo siku ya mungu wa kike wa elimu. Kila kitabu na kila kalamu huwekwa miguuni pake vibarikiwe, na mpaka kesho yake hakuna anayesoma wala kuandika neno. Watoto wa Bengali huipenda ibada hii kuliko zote, na sababu haihitaji kuelezwa. Anayeruhusiwa kuandika ni mmoja tu: mtoto anayeanza. Huyo hushikwa mkono na mtu msomi, wakaandika pamoja herufi ya kwanza ya maisha yake.

Mkuu akakuta watoto wamevaa manjano, wengine nguo za kuazima zilizowafika magotini. Sanamu ya udongo ilikuwa imepinda shingo, ndiyo sababu waliipata kwa bei rahisi. Sufuria la kichuri lilitokota kando, mchele na dengu, harufu ikiwatesa watu, kwani hakuna anayekula kabla ya ibada. Poltu, bingwa wa kuokota chupa, alikuwa anashtakiwa kwamba ameonekana akila kunazi, matunda ambayo hayaguswi kabla ya ibada ya siku hii, naye akiapa kwamba alikuwa anayanusa tu. Kuhani alikuwa hajafika. Siku hiyo makuhani hugombaniwa barabarani kama wachezaji wa mpira, na wao wa jukwaa la tatu walikuwa wameahidiwa zamu baada ya mitaa yote yenye pesa.

Lakini kitabu kilichofunguliwa hakikuwapo hata kimoja.

"Mmoja anisomee," alisema Bwana Narasayya kwa Kihindi chake cha kusini. "Ukurasa mmoja unatosha."

Watoto wakatazama vidole vyao vya miguu.  Shefali akamvuta Tuktuki, msichana msomaji kuliko wote, akamnong'oneza achukue kitabu upesi, mungu atasamehe.

"Dada, si wewe mwenyewe uliyetufundisha?" Tuktuki alijibu, tena si kwa kunong'ona. "Mwaka jana Poltu aliandika jina lake tu, ukamnyima kichuri."

"Na nilikuwa na njaa," alisema Poltu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Shefali aliwatazama watoto wale, ambao dunia haikuwahi kuwawekea ahadi hata moja, wakiishika yao mbele ya suti nyeusi. Hofu ikamtoka, ikaingia fahari, na fahari ile ilimpeleka mbele ya mkuu kabla hajaipima.

"Bwana mkubwa, leo hawasomi. Ni mwiko, na mwiko nimewapa mimi. Kama kubaki hapa ni kwa kuuvunja, basi weka vifurushi vyako."

Mkuu alifungua kinywa kujibu. Hakupata nafasi. Jhumi, katoto kalikoshuka kwenye treni ya Farakka juzi juzi kakiwa peke yake, kalikuwa kameambiwa kwamba leo atakuja kuhani, mzee aliyesoma sana, kumshika mkono. Kakamwona mzee, kakaziona sharubu, kakaridhika. Kakaja na ubao wake na chaki, kakakaa chini mbele ya viatu vinavyong'aa.

"Kuhani, umechelewa," kalisema. "Nishike mkono tumalize, njaa inaniuma."

Watoto wakaziba vinywa. Shefali alinyoosha mkono amvute, kisha akaurudisha, maana aliona uso wa mkuu umebadilika. Bwana Narasayya aliniambia baadaye kwamba wakati ule alisikia punje za mchele chini ya kidole chake. Kwao herufi ya kwanza huandikwa kwenye sinia ya mchele, na mkono uliomshika yeye ulikuwa wa baba yake, marehemu siku nyingi.

Akavua viatu. Akakunja miguu juu ya turubai kwa shida, goti likilia, akaushika mkono wa Jhumi. Chaki ikagusa ubao. Ikasimama hapo.

"Tatizo," alisema taratibu, "herufi zenu mimi sizijui."

Shule nzima ikadakia kwa pamoja. Kuandika ni mwiko, kusoma ni mwiko, lakini kusema hakuna aliyekataza. Anza juu, bwana mkubwa. Shuka, zungusha tumbo. Siyo tumbo hilo, huyo ana mimba ya mapacha, futa. Tuktuki akatuliza kelele, akawa anamwelekeza hatua kwa hatua, pole pole, kama Shefali anavyofanya, mpaka kwa sauti ile ile. Sasa mpe fimbo upande wa kulia. Hapo hapo.

"Tayari?" aliuliza mkuu.

"Bado paa," alisema Poltu. "Mstari juu yake, wote. Usimwache bila paa, atalowa. Sisi tunajua."

Mkuu akamtazama Poltu kwa muda. Kisha mikono miwili, mkubwa na mdogo, ikaivutia herufi paa, likapinda kama shingo ya mungu wao, na watoto wakapiga vigelegele mpaka abiria wa jukwaa la pili wakageuka. Jhumi akauliza kama sasa anaweza kula.

Bwana Narasayya hakuinuka. Aliushika ubao, akaitazama herufi yake, vumbi la chaki kwenye sharubu.

"Na ya pili inaandikwaje?"

"Leo hapana," alisema Tuktuki kwa ukali wa kimwalimu. "Njoo kesho, treni ya Lalgola ikishaondoka. Usichelewe."

"Nije wapi?"

Watoto wote wakamtazama Shefali, na Shefali akamtazama mkuu. Mkuu akaona anaumiza watu bure. Akapigapiga turubai kwa kiganja.

"Hapa hapa," alijijibu. "Sawa. Nitakaa nyuma."