Ngoma ya Papa Mwalimu ku Mbabula

Sijue kama hii iko kazi yangu kuiandika. Mimi ni menizie, fundi wa mbao, nilisomaka paka primaire tu, na ile muziki ya Bahindi iko ya bantu benye kusoma. Lakini sijaona mwingine hapa Lubumbashi mwenye anataka kuisemea, basi ninajaribu.

Bahindi ba hapa mujini baliniita kutengeneza biti ya kuikalia ya sale yao, nyumba kubwa ya sikukuu. Nilikuwa chini ya meza, misumari mu kinywa, wakati muzee moja alianza kupiga ngoma mbili ndogo na bidole. Haikukuwa ngoma ya kucheza. Ilikuwa kama bantu babili banaongea polepole, moja anakubali, moja anabisha. Nilitoa misumari mu kinywa juu niliogopa kuimeza.

Kisha pale nilitafuta ile muziki kila fasi. Ku soko balinionyesha paka filme za Bahindi. Nilifika hata Kasapa, kwa mwanafunzi moja wa université. Alicheka kwanza, lakini niseme kweli, alitafuta na roho yote.

"Papa, hapa tuko na rumba na korale ya kanisa. Hii yako, labda Lusaka."

Ku telefone nako, ile muziki inakawia kuanza, na mega za internet hazikawie kuisha.

Nikarudi kwa ule muzee.

"Unataka nini, fundi?"

"Kujifunza, Papa."

Aliniangalia sana. "Hata batoto yangu hawakutaka. Kuya dimanche, siku ya kupumzika."

Njo vile nilianza kumuita Papa Mwalimu. Desturi yao ni hivi: unasema mapigo na kinywa mbele mukono haujagusa ngoma. Dha, dhin, dhin, dha. Ukikosa na kinywa, mukono unakaa chini. Nilikuwa nasema vile hata mu kazi, hata ku kitanda. Bibi yangu akachoka.

"Baba, unaongea na bazimu? Nitaita pasta!"

Bulamu yangu, ndugu mudogo wa bibi, njo anapigaka ngoma ya korale kwetu ku Ruashi. Yeye, mwenye ananiitaka Yaya kama mukubwa wake, alicheka zaidi. "Yaya, ngoma gani ya kusemewa kama mugonjwa? Yetu tunaipiga, inasema yenyewe."

Siku moja Papa Mwalimu aliniambia mwimbaji anatoka Lusaka, kutakuwa mangaribi ya muziki mu sale. Yeye mwenyewe Papa Mwalimu atamupigia ngoma. "Mbele mugeni aanze, wewe utakaa pembeni yangu, upige kipande kidogo. Bakusikie. Kisha pale mimi narudi kwetu Inde, kwa binti yangu. Kama bamekusikia, labda batatafuta mwalimu mwingine. Kama hapana, fundi, itaishia hapa."

Akaniazima ngoma zake za zamani, nijifunze ku nyumba. Kwa kweli sikuwahi kutaka kitu namna ile. Kwa nini mimi, menizie wa Ruashi, sijue kueleza.

Ilikuwa mvua kila siku. Ngozi ikalegea, sauti ikashuka. Nilienda kuweka mulango kwa jirani. Kurudi, ninakuta bulamu anakaa mbele ya mbabula, makala imewaka muzuri, na ngoma ya mukono ya kuume imeangalia moto.

"Yaya, nimekusaidia! Ilikuwa na baridi. Hakuna ngoma yenye kukataa moto."

Pale katikati ya ngozi kuna duara nyeusi, ya unga wa chuma yenye kupakwa mara na mara. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Bipande bilianguka mu majivu. Nilipiga na kidole, ikalia kama boksi ya karto.

Siwezi kumuhukumu. Ngoma zote za hapa zinaota moto mbele ya kazi. Hata mimi, pengine ningefanya vile. Papa Mwalimu naye hakunikataza, juu kwake nani atawaza kupeleka ngoma ku moto? Yeye anaikazaka na nyundo ndogo. Kila muntu alifanya kile alichojua.

Nilimurudishia Papa Mwalimu ngoma yake. Alipitisha kidole pa ile mupasuko.

"Nani?"

"Bulamu yangu. Alitaka kunisaidia."

Nikasema, "Papa, niko na colle ya muzuri, ile ya kukamatisha mbao."

"Colle haiwezi, fundi. Na hapa hakuna fundi wa hii. Ile ingine yangu nimeikaza kwa sauti ya mugeni, siwezi kuiazima." Akanisukumia ngoma. "Baki nayo."

Afazali angenitukana.

Ile mangaribi nilisimama karibu na mulango. Balinipokea muzuri, sitasema uongo, balinipa chai ya maziwa. Mugeni aliimba, Papa Mwalimu alipiga, na yote ilinipita kama maji juu ya jiwe. Hakuna mwenye alijua kama mbele ya mugeni kulipaswa kuwa kipande changu.

Papa Mwalimu alienda kwao. Nilirudi ku sale dimanche ingine. Mama moja wa kamati aliniambia, "Sasa hapa batoto banasoma ordinateur na internet. Muziki, hakuna mwenye aliomba."

"Mimi naomba, Mama."

Alinihurumia, niliona. "Papa, kwa muntu moja hatuwezi kuita mwalimu toka Inde."

Ni kweli. Hata mimi singeita.

Ninaendelea kusema mapigo yangu ku atelier, fasi ya kazi yangu, napiga ku mbao. Kuna pahali mukono wa kushoto unapaswa kunyamaza, kisha kurudi. Pale njo nilikuwa nakosa, na Papa Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa, tunaanza tena. Sasa ninapita pale bila kusimama. Sijue kama nimepatia, ao kama nimezoea kosa. Mu hii muji yote sione wa kumuuliza.