Monita Aliyeandika Jina Moja

Mwaka wa 1958 Naftaly Owuor alikuwa monita wa Fomu Tu, yaani kidato cha pili, na hadi leo anasema hakuna cheo alichowahi kupewa duniani kilichompa kichwa kikubwa kama kile. Shule yao ilikuwa ya bweni, katikati ya mashamba ya ngano, njia ya kwenda Njoro. Siku ya kuchagua monita, wanafunzi walitoka nje wakapanga foleni nyuma ya wale waliowataka. Nyuma ya Naftaly walisimama ishirini na wawili, na wa kwanza wao alikuwa Kiprugut, kijana mrefu kutoka Olenguruone, rafiki yake tangu siku ile walipogawana kitanda kimoja kwa sababu vitanda havikutosha.

Ule ulikuwa mwaka, jamani. Jumanne chama cha mdahalo, Jumatano skauti, na jioni zote mbio kwenye uwanja wa nyasi uliochorwa kwa chokaa. Baridi ya Julai ilikuwa kali, maharagwe yalikuwa na wadudu, na viboko havikukosekana. Lakini mtu akikumbuka ujana wake hukumbuka mbio, hakumbuki maharagwe. Kiprugut alikuwa bingwa wa mambo mawili, kusema na kukimbia. Kwenye mdahalo angeweza kumtetea punda mpaka farasi akaomba radhi. Uwanjani aliwaacha wenzake wakila vumbi. Watu wa kwao walikuwa mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kumtazama.

Naftaly naye alikimbia, ila kwa kiasi. Katika mbio za kupokezana kijiti, yadi mia nne na arobaini kila mtu, alikuwa wa tano, na timu ni ya watu wanne. Kazi ya wa tano ni kukalia blanketi na kushika sweta za wenzake. Mara mbili mwaka huo shule ilikwenda kushindana mjini Nakuru, na mara mbili babake, Mzee Owuor, fundi wa karakana ya reli aliyekaa Bondeni, aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la kanisani, akaja kumwona mwanawe akikimbia. Mara mbili akamkuta ameshika sweta. Hakulalamika. Alimnunulia machungwa, akamwuliza kama anasoma, akarudi zake. Hilo ndilo lililomuuma Naftaly. Heri mzee angegomba.

Mashindano ya tatu, ya kufunga mwaka, yalipangwa Jumamosi moja ya Oktoba. Mzee Owuor alituma salamu kwamba atakuja.

Sasa, mtu yeyote aliyesoma nchi hii anaijua orodha ya wapiga kelele. Mwalimu asipokuwepo darasani, monita huandika majina, na walioandikwa hufyeka nyasi Jumamosi kutwa, awe nani awe nani. Monita akipeleka karatasi tupu, anafyeka yeye. Lakini Mwalimu Hiram Waithaka, aliyelisimamia darasa lao na michezo pia, alikuwa na utaratibu wake. Ijumaa baada ya chakula cha mchana alisoma majina mbele ya darasa, na aliyeona ameonewa alisimama akajitetea. Akishinda, jina lilifutwa. Kiprugut alikuwa ameshafutwa mara sita mwaka huo, na mara ya mwisho alimaliza kwa kumfanya mwalimu mwenyewe amshukuru.

Alhamisi kabla ya mashindano, walipoachwa wajisomee, Kiprugut alipanda juu ya dawati kufanyia mazoezi hotuba yake ya mdahalo, akimwigiza msimamizi wa shamba akiwahutubia ng'ombe. Darasa zima lilivunjika mbavu. Naftaly mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akachukua karatasi. Angeweza kuandika majina thelathini na la kwake juu. Aliandika moja. Alijiambia kwamba aliyepanda dawati ni mmoja tu, na haki ni haki hata kwa rafiki. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini alijua vizuri sana kwamba mmoja wa wale wanne akifyeka, wa tano anakimbia, na kabla wino haujakauka alikuwa ameshaliona lile koti la kanisani kando ya uwanja. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakukosea.

Ijumaa Mwalimu Waithaka alisoma lile jina moja. Waliokaa nyuma wakasogea mbele wasikose utetezi. Mwalimu mwenyewe, aliyekitaka kikombe kuliko mtu yeyote, aliuliza mara mbili kama Kiprugut ana la kusema. Kiprugut alisimama, akamtazama Naftaly kidogo, akasema hana, akaketi.

Basi Jumamosi Naftaly akakimbia. Alipokea kijiti shule yao ikiwa mbele, akakimbia kama hajawahi kukimbia maishani, na bado akapitwa kwenye kona ya mwisho. Wakamaliza wa pili, kikombe kikaenda na wengine. Mzee Owuor hakuwa na habari na kikombe. Alikuwa amekimbia nje ya kamba sambamba na mwanawe, koti mkononi, akimwita kwa Kijaluo, na mwishowe alimshika uso kwa mikono yake miwili mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Naftaly alilia. Babake alidhani ni furaha, na kweli sehemu kubwa ilikuwa furaha. Hapo ndipo palipokuwa pabaya.

Lori liliwarudisha shuleni jua likielekea kutua, na njiani hakuna aliyeimba. Kiprugut alikuwa bado nyuma ya bweni na fyekeo lake. Naftaly alimwendea moja kwa moja, akasema yote bila kupumua: kwamba yeye pia alicheka, kwamba aliandika jina moja kwa kuwa aliitaka nafasi, kwamba kikombe kimepotea kwa ajili yake, na kwamba kesho atamwambia mwalimu.

Kiprugut alifuta fyekeo kwa majani. "Owuor, nimeshinda kesi sita kwa huyo mwalimu. Unafikiri jana nilikosa maneno?"

Akaligeuza fyekeo, akafuta upande wa pili.

"Baba yako alikuja?"

"Alikuja."

"Akakuona?"

"Aliniona."

Kiprugut akampa fyekeo, akajilaza kwenye nyasi alizozikata. "Basi malizia hapa mpaka kwa ua. Mimi nimechoka."